Presha, masikio na njia ya Shela

Daktari aliyenipima masikio Mombasa alianzia mkononi. Alinifunga mkanda wa presha, akauliza habari za sukari, kisha akataka kujua kwa siku natembea kiasi gani. Mimi nimetoka Amu, yaani Lamu, kwa sababu wajukuu wakinisemesha nasikia sauti lakini maneno siyapati, tena usiku masikio yanavuma. Nikamwuliza presha na sikio vinakutana wapi. Jibu lake ndilo linalonitoa nyumbani kila alfajiri mpaka leo.

Ndani kabisa, nyuma ya ngoma ya sikio, kuna kijumba cha mfupa kilichojizungusha mfano wa konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo, kiasi cha 15,000 kwa kila sikio, na kazi yao ni kugeuza mtikisiko wa sauti uwe ishara ya kupelekwa kwenye ubongo. Tunazaliwa nazo, na zikifa hazioti nyingine. Pahali hapo panahitaji damu nyingi, nayo huletwa na mshipa mmoja mwembamba usio na msaidizi. Presha ya muda mrefu, sukari na sigara huharibu mishipa midogo ya mwili mzima. Tumezoea kusikia kwamba sukari hupofusha macho na kuua figo. Sikio nalo lina mishipa midogo kama hiyo, ila hatulitaji.

Presha yangu ilikuwa juu. Karatasi ya kipimo cha masikio ilionyesha mstari unaokwenda sawa kwenye sauti nzito, halafu unaporomoka kwenye sauti nyembamba, ambako ndiko ziliko s, f na th. Ndiyo maana nilikuwa nasikia mtu anaongea bila kujua anasema nini.

Niliporudi nilimwomba kijana wangu anitafutie habari zaidi. Kuna utafiti wa Marekani uliowafuata wauguzi wanawake zaidi ya 68,000 kuanzia 1989 hadi 2009. Waliokuwa wakitembea saa mbili au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ndogo ya kupungukiwa na usikivu, kwa asilimia 15, kuliko waliotembea chini ya saa moja. Wenye kiuno kinene, kupita sentimita 88, hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Wauguzi hao walijieleza wenyewe jinsi wanavyosikia, hawakupimwa kwa mashine, kwa hivyo utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba ni miguu iliyoyalinda masikio. Lakini Chuo Kikuu cha Florida nacho kilitoa utafiti wa panya mwaka 2016: waliopewa gurudumu la kukimbilia walibaki na mishipa midogo ya sikio iliyo hai kuliko waliokaa tu, na walipozeeka walikuwa wamepoteza usikivu kidogo sana wakilinganishwa na wenzao.

Saa mbili kwa wiki! Ukizigawa ni dakika 17 hivi kwa siku. Hilo ndilo lililonishika.

Watu husema sisi wa Amu tunatembea sana kwa vile mji wetu ni wa vichochoro na punda. Kwa wengine ni kweli. Mimi nashona kofia, kazi ya kukaa kitako kutwa nzima, na nikitaka kitu dukani natuma mtoto. Mwanamke wa makamo kutoka tu akatembea bila shughuli yoyote, bila msiba wala harusi wala mgonjwa wa kutazamwa, kwetu si jambo la kawaida. Kwa hivyo nilimwambia wifi yangu, ambaye yeye ana sukari, tutoke pamoja baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijawa kali. Wawili hawaulizwi.

Njia yetu tuliipanga kwa maji. Siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, alfajiri maji huwa yamekupwa, basi tunafuata pwani kuelekea kijiji cha Shela, kama kilomita tatu, na mchanga uliolowa ni mgumu, haumezi mguu. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, saa hizo maji yamejaa na njia ya pwani ina sehemu hazipitiki vizuri, basi tunapanda mitaani kwenda juu, ambako mlima wenyewe unatosha kutoa pumzi. Ramadhani tunatembea baada ya tarawehe. Mwendo tunaupima kwa uradi, zile dua za baada ya sala: nikiweza kuusoma huku pumzi inakatika kidogo, huo ndio mwendo. Nikiusoma kama nimekaa kwenye mswala, naongeza hatua.

Lililonisumbua zaidi sikulitarajia. Mtu mwenye masikio mazito husikia kwa macho pia, hutazama midomo. Wifi yangu huvaa nikabu akiwa nje, na njiani alikuwa anaongea nami hata neno moja silishiki. Tulianza kuwa wanyonge, kila mtu na lake. Siku moja akaniambia, "Wifi, kwani mimi nimekukosea?" Nikamweleza, akacheka akanikumbatia. Tangu hapo anatembea upande wa kulia, ndiko sikio langu zuri liliko, na tukifika pahali hapana watu huifunua nikabu tukasimama tukaongea. Nawaomba wenye jamaa kama mimi mlifikirie jambo hili. Mzee akijitenga na mazungumzo msidhani ana kiburi. Huenda haoni midomo yenu.

Nyuma nako kuna hatari. Punda na pikipiki huja bila mimi kujua, kwa hivyo kwenye kichochoro mimi ndiye ninayekaa ukutani.

Baadaye nilipata kifaa cha kusaidia kusikia. Jasho na chumvi ya bahari ni maadui zake wakubwa. Nikirudi nakifuta kwa kitambaa kikavu, usiku nafungua kijumba cha betri na kukitia kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kusi ikivuma upepo hunguruma ndani yake, nami hufunika sikio kwa mtandio mwembamba wa pamba. Hupungua.

Mazoezi hayawezi kuokoa sikio linalopigwa kelele kila siku, hilo nalo nilielezwa. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kelele ya desibeli 85 mtu huivumilia kwa muda wa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli tatu muda huo unakatwa nusu. Nikivuka kwenda Mokowe, upande wa bara, kwa boti ya dizeli nakaa omoni, mbele kabisa, mbali na mashine. Harusini sikai karibu na spika hata niwe mama wa bibi harusi. Pamba ya kutia sikioni haitoshi. Vizibo vya masikio vya dukani ndivyo vinavyosaidia.

Na hili nalisema kwa moyo wote: sikio moja likizima ghafla, kwa saa chache au kwa siku mbili tatu, usitie mafuta ya nazi ukangoja. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuna uziwi wa ghafla ambao dawa yake hufaa ikiwahiwa, na ukichelewa usikivu unaweza kupotea moja kwa moja.

Chakula nimepunguza chumvi na mahamri ya asubuhi. Dawa za presha nameza kama nilivyoandikiwa, sikuziacha kwa sababu natembea.

Presha imeshuka na daktari amenipunguzia kipimo cha dawa. Masikio hayakurudi, na anayekuahidi kwamba mazoezi yatarudisha usikivu uliokwisha kupotea anakudanganya. Nilipopimwa tena, mstari ulikuwa palepale ulipokuwa mara ya kwanza, haukuporomoka zaidi. Daktari alisema hawezi kuapa kuwa ni kutembea kulikouzuia, maana dawa zipo na kelele nimezikimbia, lakini akaniambia nisiache. Mavumo ya usiku bado yapo, ila siku nilizotembea nalala kabla hayajaanza kunitesa.

Sasa majirani wawili wa mtaa wa Langoni wameomba kuandamana nasi. Mmoja wao ana presha na hajapimwa masikio hata mara moja. Nimemwambia akapime yote mawili kwanza, kisha atukute uwanjani Mkunguni baada ya sala.