Taishokota ya Ami na Mandolini ya Kentucky

Jumamosi moja ya Februari 2017, mjini Louisville, jirani yangu alinibishia hodi akiwa na sidii mkononi. Alikuwa mzee mstaafu, mzaliwa wa Ohio County, upande ule ule wa Kentucky alikozaliwa mwaka 1911 Bill Monroe, mwasisi wa bluegrass, ule muziki wa nyuzi wa mashambani Marekani. Mzee mwenyewe alifunzwa na baba yake kupiga mandolini, chombo kidogo cha nyuzi mfano wa gita. Mwanawe alikuwa amemtumia zawadi: albamu ya Chris Thile, mpiga mandolini, na Brad Mehldau, mpiga piano wa jazi, iliyotoka mwisho wa Januari, sidii mbili kwa pamoja. Mandolini na piano, basi, hakuna wa tatu.

"Thile namjua," alisema. "Huyu wa jazi simjui. Njoo tusikilize wote."

Uso wake ulikuwa na wasiwasi, nami niliuelewa kuliko alivyodhani.

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Nililelewa nyumba moja na ami yangu, mpigaji wa taishokota katika taarabu za harusi. Kwa asiyeijua, ni kisanduku chembamba chenye nyuzi, na juu yake vibonye kama vya taipureta. Mkono wa kushoto unabonyeza, wa kulia unachapa nyuzi kwa kipande cha plastiki. Asili yake Japani, ikapita Bara Hindi, ndipo ikatufikia. Sikiliza kanda za Zuhura Swaleh utaisikia inavyokimbizana na sauti yake. Mlio wake ni mkali na mwembamba, na haukai. Ukichapa, umekwisha. Ndiyo maana ami alikuwa akichapachapa uzi mmoja mbio mbio, mkono kama unatetemeka, ili sauti isimfie njiani.

Kisha vikaja vinanda vya umeme. Mtu mmoja na kinanda chake akawa anaweza kutoa fidla, filimbi, ngoma, hata taishokota ukimtaka. Nilikuwa na miaka 11 nilipomwona ami harusini Kisauni akichapa na kuchapa, na hakuna aliyemsikia, wala mimi niliyekaa karibu na goti lake. Hakugombana na mtu. Aliifunika taishokota kwa leso, akarudi nayo nyumbani, ikapandishwa juu ya kabati. Haikushuka tena. Toka siku ile, kila chombo chenye vibonye vyeupe na vyeusi nilikitazama kama mgeni mkubwa anayekaa kitini mwa wenyeji.

Kwa hiyo tuliketi wawili sebuleni kwa yule mzee, kila mmoja na hofu yake. Yeye alikuwa amewahi kunipeleka Rosine, kijiji cha huko kwao Ohio County, kwenye ghala lile la mbao ambako watu hupiga muziki Ijumaa usiku, na huko ndiko alikonionyesha kazi ya mandolini. Nyuzi zake ni nane, zimefungwa mbili mbili kwa sauti moja, kama za udi wetu. Na katika bluegrass hakuna ngoma. Besi inapiga, na kati ya pigo na pigo mandolini inachapwa kwa ukali na kuzimwa papo hapo kwa vidole: tak, tak. Hiyo ndiyo ngoma yenyewe. Tangu Earl Scruggs ajiunge na bendi ya Monroe na banjo yake, mwisho wa 1945, watu wa huko wanajua vyombo vyao ni vipi: mandolini, banjo, fidla, gita, besi. Piano haimo.

Wimbo wa kwanza ulipita mzee amekunja mikono. Thile anaimba humo kwa sauti ya juu, nami nakiri kwamba nyimbo za kuimba katika albamu hii sizo zilizoniteka; nilikuwa nasubiri vyombo viachwe peke yao. Wa pili ndio ulioachwa hivyo. Mandolini ikatangulia kukimbia, na piano, yenye vibonye 88 na uwezo wa kuifunika kama wimbi linavyofunika ngalawa, haikuifunika. Mehldau alikuwa akigusa kidogo chini, anaacha pengo, anagusa tena. Zamu yake ilipofika, mkono wa kushoto ulisema lake na wa kulia lake, na Thile akarudi kwenye kazi ya watu wa Rosine: tak, tak, anamshikia mwendo. Nikatazama chini. Kiatu cha mzee kilikuwa kinapiga sakafu.

Baadaye nilisoma kwamba wawili hao walianza kuzunguka pamoja majukwaani mwaka 2013, na kwamba walipiga siku mbili Bowery Ballroom, New York, mwisho wa 2015, ndipo wakaingia studio. Haikunishangaza. Kungojana kule hakupatikani kwa mazoezi ya wiki moja.

Albamu inafungwa na wimbo wa kale wa Kiayalandi, wa karne ya 17, unaotajwa kuwa ni wa mpiga kinubi kipofu, Ruaidrí Dáll Ó Catháin. Jina la wimbo huo kwa Kiswahili ni "Nipe mkono wako". Mzee alinyanyuka kabla haujaisha, akatoa mandolini yake sandukuni, akawa anautafuta polepole, noti moja moja, nyuma yao. Mimi nilitoa simu, nikarekodi dakika mbili hivi, nikampelekea ami.

Louisville ilikuwa saa tatu usiku. Mombasa alfajiri ya Jumapili inakaribia. Jibu lilikuja nikiwa tayari kitandani, ujumbe wa sauti, ndege wa asubuhi wanalia nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikiliza mara mbili. Huyo wa piano anamngoja mwenziwe. Umesikia anavyomngoja?"

Akanyamaza. Nilidhani amemaliza. Nikasikia chai ikimiminwa kikombeni, kijiko kikakoroga, kisha sauti yake ikarudi karibu zaidi na simu.

"Na hiyo ndogo, ina nyuzi ngapi?"