Nafasi kati ya kundi na kundi

Wapendwa, neno la wiki hii ni Mwanzo 32 na 33, safari ya Yakobo kumrudia Esau. Tumezoea kukimbilia 33:4, pale ndugu wawili wanapokumbatiana na kulia. Mahubiri mengi ya amani huanzia hapo, na upatanisho mwingi wa baada ya vita huharibikia hapo hapo, kwa kuwa kumbatio limetangulizwa mbele ya kazi iliyolizaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Yakobo amekaa ugenini miaka 20, tangu alipomdanganya baba yao na kumpokonya Esau mbaraka. Anatuma wajumbe kwanza, nao wanarudi na habari kwamba Esau anakuja na watu 400. Anaogopa sana, wala Maandiko hayamlaumu. Ndipo anatenga mifugo: mbuzi jike 200 na beberu 20, kondoo jike 200 na madume 20, ngamia 30 wanaonyonyesha pamoja na watoto wao, ng'ombe 40 na mafahali 10, punda jike 20 na wana-punda 10. Jumla 550, watoto wa ngamia hawamo. Mfugaji akiisoma orodha hii anaelewa upesi: beberu mmoja kwa majike kumi, fahali mmoja kwa ng'ombe wanne. Hiyo si nyama ya karamu, ni mali iliyopangwa izae mikononi mwa atakayeipokea. Kisha wachungaji wanaagizwa waache nafasi kati ya kundi na kundi. Esau akutane na la kwanza, aulize, ajibiwe, apumue, ndipo la pili litokee.

Nafasi hiyo sisi huwa hatuitoi. Kamati ya upatanisho ya kanisa inaletewa watu wawili: mmoja alichoma nyumba, mwingine karudi kutoka kambini akakuta majivu. Wanaitwa Jumapili mbele ya madhabahu washikane mikono. Aliyeumizwa atakataaje, kwaya inaimba na wazee wanamtazama? Anatoa mkono, anarudi na uchungu wake, na tangu siku hiyo akiusema anaambiwa, "Si mlishapatana?"

Waonwe kila mmoja peke yake, zaidi ya mara moja, akianza aliyeumizwa. Aulizwe kama anataka kukutana na mwenzake hata kidogo, nani aketi kando yake, na neno gani hataki kulisikia. Aliyetenda aulizwe atasema nini hasa. Akijibu "ni mambo ya vita," bado hajafika. Akijibu "nyumba iliungua," bado. Siku atakaposema "niliichoma mimi," na kutaja siku na aliokuwa nao, hapo mkutano unaweza kupangwa. Mahali pasiwe pa upande wowote, viti visikabiliane ana kwa ana, na aliyeumizwa aketi karibu na mlango. Mwezeshaji asilitaje neno msamaha. Likija lije na mwenyewe. Baada ya hapo kila mmoja atembelewe wiki hiyo hiyo, maana ndoto na hasira hurudi watu wakishaondoka.

Yakobo naye alikuwa na kasoro, tusimpambe. Aliinama mara 7, akamwita Esau bwana wangu, lakini hakuna mstari anaposema, "Nilimdanganya baba nikakupokonya." Alifika karibu katika 33:11, akimsihi nduguye apokee mbaraka wake, na mbaraka ndicho kitu Esau alicholalamikia katika 27:36. Alirudisha kwa mkono asichoweza kukitaja kwa kinywa. Kwa hawa wawili huenda ilitosha. Baada ya vita haitoshi, kwa kuwa yapo mambo anayoyajua mtendaji tu: mwili ulizikwa wapi, nani alitoa amri. Mahakama za Gacaca za Rwanda, mabaraza ya wanakijiji yaliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya 1994, zilizofanya kazi kuanzia 2002 hadi 2012, zilimpunguzia adhabu aliyekiri, na kukiri kulidai kutaja waliouawa, washirika na mahali miili ilipo. Kwa njia hiyo watu waliweza kuwazika ndugu zao. Lakini wapo waliokiri nusu, wakawatwika lawama waliokwisha kufa, na wapo mashahidi waliouawa kwa sababu ya ushahidi wao. Anayesimamia ukweli na apange kwanza usalama wa atakayeusema.

Utaratibu wa kipi kitangulie nao una uzito. Nchini Afrika Kusini, Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza uhalifu wa enzi ya ubaguzi wa rangi chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilianza kuwasikiliza wahanga Aprili 1996. Mtendaji aliyekubaliwa msamaha wa kisheria aliupata mara moja. Fidia ya wahanga ilingoja hadi 2003: randi 30,000, mara moja tu, ilhali Tume ilikuwa imependekeza malipo ya kila mwaka kwa miaka 6. Yakobo alitanguliza makundi, yeye akafuata. Afrika Kusini makundi, yaani fidia, yalikuja nyuma, tena yamepungua.

Msumbiji, baada ya mkataba wa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, silaha nyingi zilibaki mafichoni. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo lilianza kubadilishana: lete bunduki, chukua jembe, cherehani, baiskeli au mabati. Ni Isaya 2:4, panga kufuliwa ziwe majembe, iliyovaa mavazi ya kazi. (Usharika unaotamani kuiga uanze na mtaalamu wa milipuko. Guruneti lililokaa ardhini miaka mingi haliletwi kanisani ndani ya kikapu.) Na mpango wa namna hiyo una mtego wake: aliyeshika bunduki akiondoka na baiskeli, huku mjane jirani yake hajapewa hata bati moja, tumezalisha kinyongo kipya.

Turudi kwa wale ndugu. Esau alitaka waandamane. Yakobo akasema watoto ni wadogo, atafuata polepole hadi Seiri, kwake Esau. Kisha akaenda Sukothi, akajenga huko. Unaweza kuuita ujanja wake wa zamani, na pengine ndivyo. Lakini Esau hakumfuatia na upanga. Kuishi mbalimbali bila kuwindana nako ni amani, na hatuna ruhusa ya kumlazimisha manusura akae ua mmoja na aliyemwulia mtoto. Tuangalie kama wanateka maji kisima kimoja bila mtu wa kuwasindikiza.

Katika 27:41 Esau alikuwa amejiwekea siku: baba akifa, wakati wa matanga, atamwua Yakobo. Siku hiyo ilifika katika 35:29. Isaka alikufa akiwa na miaka 180, "na Esau na Yakobo, wanawe, wakamzika." Jina la Esau limetangulia.