Nilivyomfundisha dume wangu kufuata kamba

Hapa Mpwapwa ukiuliza namna ya kumzoesha dume wa ng'ombe kamba, jibu utakalopewa ni moja: mfunge, mcharaze mpaka akili zimkae sawa. Mzee mmoja jirani alinishauri hivyo kwa upendo kabisa. "Mwanangu, ng'ombe haelewi maneno." Sawa, maneno haelewi, ila kipigo anakielewa na hakisahau, na siku ya kulipiza atakuwa na mamia ya kilo.

Dume wangu ni wa aina ya Mpwapwa, ile iliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha hapa kwetu, ambayo zaidi ya nusu ya damu yake ni Sahiwal na Red Sindhi, ng'ombe wenye asili ya Bara Hindi. Nilitaka afike kwenye maonyesho ya Nanenane kule Nzuguni, Dodoma, akiongozwa na mtu mmoja tu. Nilianza naye mara alipoachishwa kunyonya, nguvu zake nikiwa bado nazimudu. Hatamu, yaani kamba ya kumvalisha kichwani, niliitengeneza kwa kamba laini ya pamba, maana katani inachubua taya.

Kwanza tukavutana. Vijana wawili mbele, yeye nyuma ameng'ang'ania, kwato zinachimba mifereji kwenye vumbi. Mara analala. Mnamwinua, hatua tatu, kalala tena. Tulivyozidi kuvuta ndivyo alivyozidi kukaza.

Aliyeimaliza kazi ni punda. Ninaye punda jike wa kubeba maji, mtu mzima, amekulia na ng'ombe na hana papara. Nilimvalisha mkanda mpana wa ngozi shingoni, nikauunganisha na hatamu ya ndama kwa kamba fupi isiyoweza kunasa mguu, katikati nikaweka kiungo cha chuma kinachozunguka ili isisokotane. Kisha nikakaa kivulini, kisu mkononi, nisije nikashindwa kuwaokoa wakinasa. Punda akasikia kiu, akaelekea kwenye maji. Ndama akakaza. Punda akaegemea mbele taratibu, akatulia hapo bila hasira yoyote. Ndama aliposogea hatua moja tu, kamba ikalegea, naye akalihisi hilo. Niliona masikio yakigeuka. Usiku nawatenganisha, asubuhi nawaunganisha. Baada ya siku chache punda alikuwa haburuzi kitu.

Nilipoishika kamba mwenyewe nikafuata mtindo uleule: akikaza nakaza, akija nalegeza papo hapo. Natembea usawa wa bega lake. Kamba siizungushi mkononi hata siku moja. Naikunja na kuishika katikati, akichomoka aende nayo. Kinachoniudhi hasa ni wageni wanaomsukuma kipaji kwa mchezo na kufurahi akiwasukuma. Mnamfundisha kupiga watu kichwa! Mkuneni shingoni.

Alipokaribia mwaka, mtaalamu wa mifugo akamtia pete ya pua kwa ganzi. Gharama si ya kutisha. Lakini dume hafungwi mtini kwa pete, akishtuka atapasua pua. Kufunga ni kwa hatamu. Redio nayo niliiwasha zizini kila jioni, ndiyo maana vipaza sauti vya Nzuguni havikumbabaisha.

Sasa ameanza kupanda majike, kwa hiyo tahadhari imeongezeka. Akinigeuzia ubavu kunionyesha ukubwa wake, akainamisha kichwa na kuparua ardhi, simpi mgongo wala sikimbii. Narudi kinyumenyume huku namtazama. Zizini tunaingia wawili, na kwenye kona ya uzio tumeacha mwanya ambao mtu anapenya, yeye hapiti.