Doa la Ndizi

Jana nilikuwa nachambua nguo za kugawa, nikakutana na ile fulana ya kijani. Sijui imeponaje miaka yote hii. Kifuani ina doa jeusi, na anayeijua ndizi anajua doa lake halitoki. Siku ya kwanza hulioni hata kidogo. Unafua, unaanika, halafu unashangaa limejitokeza jeusi, na ndiyo basi tena.

Bwana Mdogo, ambaye siku hizi ana miaka 8 na maoni juu ya kila kitu, akaniuliza, "Mama, hii ya nani?"

"Yako."

"Ilimwagikiwa na nini?"

Nikamwambia ndizi. Mengine nikayameza.

Alikuwa na miezi 7. Mwezi wa kwanza wa chakula tuliumaliza kwa vita vya kijiko: nikikikaribisha anafumba mdomo, anageuza shingo, na mkono unakuja kukipiga. Alichokitaka ni kijiko chenyewe, si kilichomo. Baba yake ndiye aliyesema, "Si umpe ashike mwenyewe?"

Mimi nilikuwa nimesoma. Nilisoma kupita kiasi, mnanijua. Nilijua kwamba mtoto wa umri ule hushika kwa kiganja kizima, na kinachofichika ndani ya ngumi kimempotea, kwa hiyo chakula kiwe kirefu kama kidole, kitokeze juu. Nilijua ndizi inateleza, basi unaiachia ganda kwa chini liwe mpini. Nilijua kukokomoka si kupaliwa: anayekokomoka uso unamwiva, machozi yanamlengalenga, anatoa sauti, na kazi yako ni kutulia. Anayepaliwa kwelikweli hana sauti, na huyo ndiye wa kulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini, apigwe mara 5 katikati ya mabega. Na nilijua, tena kwa moyo, kwamba huingizi kidole kinywani mwa mtoto kwa kupapasa, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi kile unachokitafuta.

Akaishika kwa mikono miwili. Ikagonga shavu. Ikagonga kidevu. Mara ya tatu ikafika, akainyonya kwanza, kama anavyonyonya kila kitu. Kisha yale meno yake mawili ya chini yakazama na kipande kikakatika.

Alishangaa yeye mwenyewe. Alituliza kila kitu, mdomo nusu wazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba vitu hukatika. Ulimi ukatoka mbele, ukarudi nyuma, na kipande kikaenda nao. Mabega yakampanda. Macho yakajaa maji. Ikatoka sauti ya kukwaruza, kama mlango wenye kutu.

"Anatoa sauti huyo," baba yake akasema. "Mwache."

Nilimsikia vizuri sana. Kidole kilikuwa kimeshaingia.

Akaning'ata. Msidharau meno mawili: chini wembe, juu fizi ngumu kama mbao. Aliyepiga kelele ni mimi. Nikachomoa kidole, naye akakokomoka mara moja tu, kwa utulivu, kipande kikamdondokea kifuani. Akainama kukitazama. Akakifukuza kwa kiganja juu ya fulana, kikamponyoka, kikamponyoka tena, hatimaye akakibandua, akakirudisha mdomoni, akakitafuna kwa fizi, akameza. Halafu akanyoosha mkono kutaka kingine.

Baba yake alicheka mpaka akakaa chini. Sikumsemesha siku mbili.

Wiki tatu zilizofuata niliponda kila kitu, na kila siku nilikuwa na sababu. Hakuningoja. Alipofika miezi 9 alikuwa anaokota punje kwa kidole gumba na cha shahada, zikiwemo zisizo chakula. Asali ilisubiri atimize mwaka kwanza. Zabibu nilimkatia vipande vinne vinne mpaka alipoanza kuona aibu mbele ya wenzake.

Kuna siku najiambia hakuna mama ambaye angetulia pale. Kuna siku nyingine naona kwamba kile kidole hakikwenda kutafuta ndizi, kilikwenda kutafuta usingizi wangu. Sijaamua bado.

Usiku, mezani, nikamsimulia yote. Akaacha kutafuna.

"Lakini baba si alikwambia naweza?"

"Alisema."

"Sasa?"

Nikakosa la kusema. Akafikiri kidogo.

"Uliumia?"

"Sana."

Akaridhika, akarudi kwenye sahani yake, na tonge alilotia lilikuwa kubwa mno, shavu limevimba upande mmoja. Nikaikalia mikono yangu.