Kichupa kimoja, nyua sita

Leo Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, Bibi, jirani yangu, amegonga dirisha langu kwa fimbo yake. Huwa hapigi hodi getini. Hugonga dirisha mara tatu, kisha husema kwa sauti ya chini, kama anayeamsha watu kula daku: "Mwanangu, umewafungulia?" Nikamjibu bado. "Haya, toka."

Ni siku ya chanjo ya kuku. Hapa mtaani kwetu Kihonda, Morogoro, siku hii huja kila baada ya miezi mitatu, nami huingoja kuliko sikukuu nyingi. Sasa ni mchana, nimeshaoga na mikono bado inanuka banda. Nataka niandike kabla asubuhi hii haijanitoka kichwani.

Chanjo yenyewe ni ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku unaoitwa pia kideri au Newcastle. Ni ile inayoitwa I-2, inayotengenezwa Kibaha kwenye Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ni tone moja jichoni, basi. Kifaranga aliyetoka ganda juzi, tone moja; jogoo mwenye kilo zake tatu, tone moja. Ila lazima uwakute bandani, wakiwa bado kwenye vichanja na usingizi wao, maana ukishawafungulia utakimbizana nao mpaka adhuhuri. Bibi anamshika kuku, anamlaza ubavu mapajani, jicho likitazama juu. Mimi nadondosha. Halafu tunatulia wote wawili mpaka kuku apepese na tone lienee. Hapo Bibi husema, "Amekunywa," na kumwachia. Jicho halinywi, najua, lakini sijawahi kutafuta neno lingine. Hata ninapochanja peke yangu, kuku akipepesa najikuta nimesema amekunywa.

Zamani ilikuwa yeye adondoshe, mimi nishike. Mwezi wa kwanza mwaka huu mkono wake ulitetemeka, tone likaanguka kwenye manyoya, akajaribu tena, likaanguka tena. Akanikabidhi kichupa bila kusema neno. Nikakipokea bila kusema neno. Tukabadilishana vigoda, tukaendelea na kuku aliyefuata.

Nikifikiri urafiki wetu ulianzia wapi, narudi kwenye ukubwa wa kile kichupa. Kimoja kina dozi zaidi ya mia, na mimi wakati ule nilikuwa na kuku tisa. Chanjo ikishafunguliwa haiwekwi mpaka msimu mwingine, nguvu zake zinakwisha. Kwa hiyo mwenye kuku tisa ana mawili: amwage, au akapige hodi kwa jirani. Na kumwaga ni hasara ya aina mbili, kwa sababu kuku wako wakubwa watakuwa na kinga, lakini wale vifaranga watakaototolewa wiki ijayo hawatakuwa na kinga ya kudumu, na mdondo ukishaingia kwa jirani haungoji wapate chanjo yao. Nadhani yeyote aliyeamua kichupa kiwe na dozi nyingi hivyo alikuwa anafikiria mambo ya maabara. Huku kwetu kimetufanya tujuane.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na 2019.

Nilihamia Kihonda mwaka ule na kuku 26 wa kienyeji, wengi wao nimewalea tangu vifaranga. Mwezi wa tisa, kiangazi kimekaza, asubuhi moja tetea wangu mweusi hakushuka kichanjani. Alikuwa amejikunyata, mbawa zimelegea, kinyesi cha kijani. Nikadhani ni baridi ya usiku. Siku ya pili wako wanne, mmoja shingo imepinda kabisa, anatembea kinyumenyume. Nikakimbilia duka la dawa za mifugo, nikauziwa antibayotiki, nikawawekea kwenye maji. Sasa najua kwamba mdondo ni kirusi na hauna tiba, na kwamba chanjo humsaidia kuku kabla, siyo baada. Wakati ule nilikuwa nachanganya dawa kila asubuhi na kila asubuhi naokota maiti. Katika siku tano walikufa 23.

Sikumwambia mtu. Niliona aibu, kana kwamba ni uchafu wangu. Usiku wa tano nilikuwa nachimba shimo nyuma ya choo kwa mwanga wa simu, nikasikia sauti juu ya michongoma: "Chimba kina kirefu, mbwa wasije wakafukua." Ilikuwa mara ya kwanza Bibi kusema nami zaidi ya salamu. Alizunguka akaingia na gunia la majivu na chokaa kidogo. Akanishikia simu nikachimba. Tulipomaliza ndipo akaniambia kwamba wake wote kumi na wanne walikuwa wamekufa wiki ile ile, naye amezika kimya kimya kama mimi. Nyua mbili zimetenganishwa na michongoma tu, kila mmoja analia kwake.

Nilimwambia ule msemo, kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei. Nilikuwa nimechoka na niliuamini. Bibi alipangusa mikono kwenye khanga yake akasema, "Huyo maskini aliyesemwa hapo, mwanangu, alikuwa anafuga peke yake."

Banda tulilisafisha pamoja, tukaliacha tupu, tukalipaka chokaa. Nilipoanza tena na wale tisa na kwenda kununua chanjo, ni yeye aliyekipindua kichupa mkononi, akahesabu nyumba kwa vidole.

Siyo kwamba wote walipokea. Kuna baba wa geti la bluu, dereva wa bajaji. Wakati ule tunazika, yeye alipoona kuku wake wameanza kusinzia aliwafunga miguu, akawapeleka gulioni akawauza. Niliwaona kwenye bajaji yake, vichwa vinaning'inia. Naandika hapa kama nilivyomwambia usoni baadaye: kuuza kuku mgonjwa ni kumpelekea mtu mwingine msiba nyumbani kwake, tena mtu ambaye pengine ada ya shule ya mtoto inategemea banda lake. Nilikasirika mpaka nikaacha kumsalimia. Zaidi ya mwaka tulipishana barabarani kama hatujuani, na Bibi alikuwa akinikemea. "Usiponena naye atajuaje?" Sikutaka ajue. Nilitaka aone haya.

Chanjo ya kwanza tulikuwa nyua tatu: Bibi, mimi, na Mwalimu. Mwalimu amestaafu, na ndiye aliyeleta daftari. Humo kuna kila ua, idadi ya kuku, tarehe ya chanjo, tarehe ya inayofuata, na mchango wa kila mmoja kwa hesabu ya kuku alionao, siyo sawa kwa sawa. Mwenye kuku wanane halipi kama mwenye thelathini. Aliingia dada wa saluni mwaka uliofuata, tukawa nyua nne.

Mengine yalijileta yenyewe. Tunabadilishana majogoo kila mwaka ili damu isijirudie. Mwewe akionekana juu ya mwembe wa Mwalimu, mtu wa kwanza kumwona anapiga sufuria, na sufuria zinajibizana mtaa mzima, watoto wanatoka mbio kufukuza vifaranga warudi chini ya kibanda. Dada wa saluni ndiye fundi wa kupima mayai yanayoatamiwa. Siku ya saba usiku anakuja na simu yake, anaziba mwanga kwa kiganja, yai juu ya tundu la vidole, anakuonyesha mishipa imetawanyika kama mizizi. Lisilo na kitu analitoa. Tetea wangu akigoma kuatamia, mayai yanahamia kwa koo wa Bibi, yule mwekundu asiyebagua yai la nani.

Na usiku ule umeme ulipokatika nikiwa na vifaranga 40 wa siku nne, taa yao imezimika, wamerundikana kona moja wakipiga kelele za baridi, Mwalimu alinifundisha kujaza dumu maji ya moto na kulifunga khanga mbili, nikaliweka katikati yao. Mkaa alinikataza, chumba kilikuwa kidogo na madirisha nimeyaziba mwenyewe. Tulibadilisha maji mara tatu mpaka alfajiri. Vifaranga wakijitawanya ujue joto limewatosha. Walipojitawanya, Mwalimu alikuwa amesinzia kwenye kiti, miwani mkononi.

Mama yangu alifariki mwaka 2022, mwezi wa tano, Kilosa. Simu ilipigwa saa tisa usiku. Nakumbuka nilikaa kitandani na viatu mkononi, sijui nivae kipi kwanza, nikamgongea Bibi. Bibi hakuniuliza kitu. Alivuka barabara akagonga geti la bluu.

Yule baba alitoka na shati wazi, akawasha bajaji. Alinipeleka stendi ya Msamvu akasubiri nami mpaka basi la kwanza, akaninunulia maji. Nilipotoa pesa alisema, "Weka, dada. Pole sana." Kisha, basi linaanza kupakia: "Na kuku wako usiwaze."

Kwa kweli sikuwa nimewawaza. Nilikaa msibani siku tisa na sikuwakumbuka hata mara moja.

Niliporudi nilikuta banda limefagiwa na maranda mapya. Maji masafi. Ndani, juu ya meza, trei moja imejaa na ya pili imefika nusu, mayai 44, na kila yai limeandikwa tarehe kwa penseli, mwandiko wa Mwalimu, zile saba zake zenye kistari. 11/5, mayai manne. 12/5, matano. Siku ya mazishi, 13/5, mayai sita. Nilisimama pale nikasoma yale mayai moja baada ya jingine. Siku ambazo kwangu zilikuwa zimeungana zikawa kitu kimoja kizito, hapa zilikuwa zimetenganishwa, kila moja na mayai yake. Kwenye ukuta wa banda kulikuwa na karatasi: koo mwenye madoa ameanza kuatamia, mayai kumi na moja, atatotoa tarehe 4 mwezi wa sita. Chini yake, mwandiko mwingine, wa mtu asiyezoea kuandika: *nimemfukuza kicheche mara mbili lala salama dada.*

Hapo ndipo nililia. Msibani nilikuwa nashughulika na sufuria na wageni, machozi yalikuwa hayajapata nafasi.

Jioni yake nilikwenda geti la bluu na trei moja. Yule baba aliikataa, mkewe akaipokea. Tukaongea mambo yote, na ya gulioni pia. Aliniambia wiki ile alikuwa anadaiwa marejesho ya bajaji, siku mbili zimebaki wamnyang'anye. Sikumwambia kwamba alifanya sawa, kwa sababu sidhani alifanya sawa. Nilimwambia ningependa ningejua. Msimu uliofuata daftari lilikuwa na ua wa tano, na leo ndiye mwenye kuku wengi kuliko wote baada yangu, 27. Yeye ndiye hufuata chanjo dukani, huileta kwenye chupa ya chai yenye barafu, ingawa hii ya I-2 inavumilia joto kuliko nyingine. Anasema hataki kubahatisha.

Basi leo. Tumeanza kwangu, 34. Kwa Bibi 11. Mwalimu 19, naye anataka kila kuku ahakikishwe kwa daftari kabla hajaachiwa, kwa hiyo hapo hukaa muda mrefu na chai yake ya tangawizi. Saluni 8. Geti la bluu 27. Jumla 99, na jua lilikuwa limeshawaka, milima ya Uluguru inaonekana yote, mawingu yamekaa kiunoni.

Kichupa nikakitikisa, bado kilikuwa na matone.

Nyumba ya kona wamehamia watu mwezi uliopita. Mama mmoja kijana na mtoto wa miaka saba au minane, sijawasikia wakiongea na mtu. Wana koo mmoja, kamba mguuni, amefungwa kwenye mti wa mpera na vifaranga sita wanamzunguka. Nilipita hapo wiki iliyopita nikamsalimia yule mama juu ya ukuta, akaitikia akaingia ndani. Leo nilikuwa tayari kurudi nyumbani. Ni Bibi aliyesimama, akanitazama, akatazama kichupa, akaanza kuelekea kona na fimbo yake.

"Hodi wenyewe!"

Mtoto alifungua. Mama yake akatoka nyuma yake, mikono ina povu la sabuni. Bibi hakueleza habari za mdondo wala daftari. Alisema tu, "Mama, tuna dawa ya kuku imebaki, itamwagika. Tumekuja kuomba kuku."

Yule mama alimtazama kwanza Bibi, kisha mimi, kisha kile kichupa. Akasema hana pesa. Bibi akamwambia amekuja kuomba kuku, siyo pesa. Tukakaribishwa.

Bibi alikaa kwenye mzizi wa mpera, akamfungua yule koo kamba, akamlaza mapajani. Nikadondosha. Mtoto alikuwa amechuchumaa karibu mpaka nywele zake zinanigusa mkono, anatazama lile jicho. Kuku akapepesa.

"Amekunywa," akasema Bibi, akamwinua mtoto kidevu. "Haya, sasa niletee watoto wake. Mmoja mmoja, usiwabane."