Thalji ya Bibi

Siri ya kuja kwangu nilimpa kaka yangu peke yake, tena kwa kiapo. Miaka mitatu sijaikanyaga Lamu. Kila nikipiga simu kutoka Toronto, kabla salamu hazijaisha Bibi huniuliza: "Yaanguka?" Theluji, anamaanisha. Nami kila mara namkosesha. Ikianguka niko kazini, au kwake ni usiku wa manane.

Safari naifupisha. Begi langu liliachwa njiani, na zawadi zote za Bibi zimo humo. Nikateremka uwanja wa ndege wa Manda na mkoba wa mgongoni tu, nikavuka kwa boti, kaka akanipokea gatini. Tukapita vichochoro vya Langoni tukiwapisha punda waliobeba mawe. Nilijitanda ushungi hadi puani nisijulikane. Kazi bure, mwendo wangu ulishanitoa, watoto walinitangulia mbio.

Hawakufika kwa Bibi, kwa bahati. Alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Nikabisha hodi kwa sauti nzito. "Karibu," akasema bila kuinua kichwa. Nikamwamkia. "Marahaba." Mkono ukaendelea, kisha ukasita.

Nilitarajia kilio, au vigelegele. Akanitazama, akaitazama mikono yangu mitupu, akasema: "Kwani husemi kama waja? Mtele nimeupimia watu wawili."

Ila alinishika kifundo cha mkono kwa vidole vilivyolowa tui, na hakuniachia mpaka adhana ya alasiri.

Saa tatu usiku mume wangu akapiga simu. Kule ni saa saba mchana, na theluji inashuka. Nikamwambia asiseme kitu, aielekeze kamera dirishani tu. Nikampa Bibi simu.

Alitazama muda mrefu. "Ni sufi hiyo."

Miaka yote hii mimi nimekuwa nikisema pamba! Pamba haipepei. Sufi ikipasuka mtini ndiyo huelea vile, haina haraka, hupanda kidogo kabla ya kushuka. Kisha akataka niongeze sauti. Ilikuwa juu kabisa. Hakukubali kwamba kitu kinaweza kuanguka kingi namna ile kisisikike. Mvua yetu ikija, mabati yote ya mtaa yanakwambia. Mume wangu akafungua dirisha akaitoa simu nje. Tukasikia koleo la jirani likikwaruza njia, basi.

Nikamweleza kwamba nyingi ya theluji ni hewa, ndiyo maana humeza sauti. Ukiyeyusha sentimita 10 zake hupati zaidi ya sentimita 1 hivi ya maji.

"Mai kidogo hivyo, na majivuno yote haya," akasema.

Mume wangu akakinga mkono wenye glavu nyeusi. Chembe moja ikatua kidoleni. Tuliziona ncha zake sita, zimechongeka kama nakshi ya mlango, halafu zikalegea ikawa tone. Bibi alikuwa ameisogeza simu karibu kabisa na uso. Midomo yake ikaanza kucheza. Nikadhani anaongea na mume wangu, mpaka nikasikia: *bil-mai wath-thalji wal-baradi*.

Dua ya maiti. Tunamwombea marehemu aoshwe kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe, atakaswe kama nguo nyeupe itakaswavyo na uchafu. Nimeisikia tangu utotoni na hata mara moja sikuwahi kuihusisha na ile ninayoikwangua kwenye kioo cha gari kila asubuhi huku nikiilaani. Babu alifariki katika majira yangu ya kwanza ya baridi kule. Sikuwahi mazishi. Nikihesabu vizuri, ndipo lile swali la "Yaanguka?" lilipoanza, nami nikalichukulia kuwa ni udadisi wa mtu mzima aliyekosa la kuuliza.

"Nimemuombea kila siku," akasema, "na sikuijua ilivyo."

Sikupata la kujibu. Akaendelea kutazama, simu ikalia kuwa chaji inakwisha, akaendelea kutazama. Mwishowe akanirudishia, akajifuta mikono kwenye leso ingawa haikuwa na kitu.

"Mwambie afunge dirisha," akasema. "Mtoto wa watu asije akatuugulia."