Siku moja maishani mwangu: naandaa nyumba zinazouzwa

Nyumba ikitaka kuuzwa, mimi huitwa kabla ya mpiga picha na kabla ya wanunuzi. Wengi hudhani kazi yenyewe ni kupanga mito kwenye makochi. Wengine hudhani nalipwa kuficha ubovu, na hilo huniuma.

Saa 12 asubuhi niko mlangoni na ngazi, ndoo na msasa. Kwanza nasimama na kunusa, maana harufu ndiyo inayompokea mnunuzi na mwenye nyumba alishaizoea zamani. Madirisha yote wazi. Sipulizi manukato, mtu akiyasikia hujiuliza yanafunika nini.

Saa 1 hadi saa 3: kufungasha picha za familia, kutia mafuta bawaba, kubadili balbu ili chumba kimoja kisiwe na mwanga wa rangi mbili, kupunguza nguo kabatini. Wanunuzi hufungua makabati, na lililoshindiliwa huwaambia kwamba nyumba haina nafasi.

Saa 3 na nusu tukavuta kitanda cha chumba cha pili. Nyuma yake rangi imefura malengelenge, na nilipokwangua kwa ukucha ukamwagika unga mweupe, chumvi inayoachwa na maji yakikauka ukutani.

"Sukuma kabati hapo, yaishe," akasema mzee mwenye nyumba.

"Hapana, mzee wangu."

"Basi paka rangi. Nimekuita unipambie nyumba, hujaja kunikagua."

Nikamweleza kwamba rangi juu ya ukuta mbichi itafura tena, na kwamba mnunuzi akigundua kabati limeziba doa, ataanza kushuku hata paa ambalo ni zima. Akanuna. Dalali naye akapiga simu: mpiga picha anakuja saa 9. Nikafunga mabomba yote, nikaandika namba za mita ya maji, tukasubiri saa nzima huku mzee akilalamika kwamba namlia muda. Namba hazikusogea. Kwa hiyo bomba la maji safi halikuwa na kosa. Nikaenda bafuni, upande wa pili wa ukuta ule ule, nikapiga magoti na tochi: silikoni, ile gundi laini ya kuziba upenyo chini ya bafu, ilikuwa imeachana na vigae, na kila mtu akioga maji yanapenya. Nikaikwangua yote kwa wembe, nikakausha, nikajaza mpya. Hapo nikamwambia bafu lisitumike hadi kesho. Akanuna upya.

Baada ya hapo sikuangalia tena saa. Kusugua mistari iliyo kati ya vigae kwa brashi ndogo, mgongo unawaka. Kutoa viti viwili sebuleni, kuvuta makochi kidogo kutoka ukutani, kufuta vioo, kupiga deki mara ya mwisho. Sebule ikaonekana ukubwa wake wa kweli, na mzee mwenyewe alipita akasimama katikati kuitazama. Nilifurahi sana kuliona hilo.

Mpiga picha alipofika, chumba cha pili kilipigwa kama kilivyo, doa likionekana, na dalali atalieleza kwa kila anayekuja. Natoka na ndoo zangu mzee akaniuliza rangi ya kile chumba itapakwa lini. Nikamjibu: ukuta ukikauka hasa, pengine wiki kadhaa. Kabati lisisogezwe hapo ukutani, na dirisha libaki wazi.